Mfumo Ndio Unaosema Hivyo

Wahenga walituachia usemi ambao kila mwenye duka la rejareja anaujua: mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ulimlenga mfanyabiashara mzembe. Leo nataka kuuelekeza kwa mteja, kwa sababu katika biashara za zama hizi daftari lipo, tena limeandikwa kwa umakini mkubwa, ila liko mikononi mwa upande mmoja tu.

Nianze kwa kisa changu. Mwezi uliopita nilikwenda katika ofisi ya kampuni inayoniuzia huduma ya intaneti nyumbani, kulalamikia tozo ya kuvunja mkataba ambayo sikuwahi kuisikia. Binti aliyenihudumia alinipa shikamoo kwa adabu, akatazama kompyuta yake, kisha akasema, "Mwalimu, mfumo ndio unaosema hivyo." Nikamwomba anichapie mkataba nilioukubali siku ya kujiunga, miaka mitatu iliyopita. Karatasi ilipotoka, ilikuwa na tarehe ya mwaka huu. Nikamuuliza ule wa awali uko wapi. Akanieleza kwa upole kwamba masharti huboreshwa, na mfumo huonesha yaliyopo sasa. "Lakini si ulibonyeza Nakubali, Mwalimu?"

Ndiyo, nilibonyeza. Swali ni: nilikubali nini?

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo imetumika tangu 1961 na ambayo chimbuko lake ni sheria ya India ya 1872, haina utata katika hili. Ridhaa hupatikana pale pande mbili zinapokubaliana juu ya jambo moja, kwa maana moja. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ilikuja kuutambua mkataba unaofungwa kwa njia ya kielektroniki, na ilifanya vema. Lakini kuitambua njia mpya hakukuwa ruhusa ya kuifuta ridhaa. Mkataba ambao upande mmoja unaweza kuubadili usiku, na upande wa pili hauna nakala ya ule wa jana, ni amri iliyovikwa joho la mkataba.

Nisieleweke vibaya. Sipingi programu za kusimamia mikataba ya wateja. Yeyote aliyewahi kusubiri faili litafutwe masjala kwa wiki mbili anajua thamani yake. Programu hizi hutunza tarehe ya kuanza na ya kuisha, kiwango cha malipo, na kila badiliko pamoja na saa lilipofanyika. Hutoa ankara bila kusahau, na huweza kuhuisha mkataba bila kumwuliza mtu. Zinaweza pia kutunza kila toleo la masharti na kulituma kwa mteja kwa gharama ndogo mno. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Kampuni iliyoshindwa kunionesha mkataba wangu wa awali ndiyo hiyo hiyo inayonitumia ujumbe alfajiri kunikumbusha deni. Mashine isiyosahau shilingi yangu imesahauje ahadi ya bwana wake? Imefundishwa la kukumbuka.

Mimi angalau nina muda na ulimi wa kubishana. Mfikirie mama lishe aliyechukua simu ya mkopo, au mkulima aliyefungiwa mtambo wa umeme jua wa kulipa kidogo kidogo. Akichelewesha malipo, kifaa huzimwa kwa mbali. Hakuna barua wala shauri. Programu imekuwa karani wa mkataba, shahidi, hakimu na dalali wa mahakama kwa wakati mmoja. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizifungia programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu kidijitali bila leseni. Hatua hiyo naiunga mkono. Hata hivyo, leseni peke yake haimpi mteja nakala ya alichokikubali.

Watetezi wa mifumo hii watasema mteja ana wajibu wa kusoma. Asome nini, na kwa lugha gani? Mwaka 2021 tulibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Mahakama imeanza kuzungumza na mwananchi kwa lugha yake, lakini masharti mengi ya huduma bado yanamjia kwa Kiingereza cha mawakili, katika kioo cha simu kisichozidi kiganja. Na hata akisoma neno kwa neno, kusoma kutamsaidia nini ikiwa maneno yenyewe yatabadilishwa baadaye bila yeye kujua?

Nadai mambo matatu, na hakuna hata moja linaloishinda programu ya kawaida ya biashara. Kwanza, mteja atumiwe nakala ya toleo lile lile alilolikubali, na kila badiliko limfikie kabla halijaanza kumbana. Pili, nakala hiyo iwe kwa Kiswahili. Tatu, pawepo mtu mwenye mamlaka ya kuusahihisha mfumo unapokosea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imekwisha kuutambua uamuzi unaofanywa na mashine kuwa jambo ambalo raia anaweza kulihoji. Kilichobaki ni wasimamizi wa sekta kuacha kuitazama haki hiyo kama pambo la kitabuni.

Binti yule wa mapokezi simlaumu. Alikuwa na adabu, akili na kompyuta mpya, kitu pekee alichonyimwa ni uwezo wa kusema, "Hapa tumekosea." Waliomnyima wapo, wana majina na vyeo, na hupitisha masharti hayo katika vikao vyao. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba mfumo ndio unaosema hivyo, usiinamishe kichwa. Uliza ni nani aliyeufundisha kusema, kisha udai nakala yako.