Mshauri asiye na cha kuuza

Kampala haina uhaba wa watu wa kukufundisha pesa. Redioni wapo, kanisani wapo, na ujumbe wa "kopa sasa" huingia kwenye simu chai haijapoa. Ila karibu kila mmoja ana chake cha kuuza: mkopo, bima, kiwanja cha Wakiso, semina ya utajiri. Atakayemwambia mtu wa kipato kidogo "mwezi huu usikope" halipwi kamisheni na yeyote.

Tupige hesabu moja. Huduma ya mikopo ya simu ya MoKash ilipoanza mwaka 2016, mkopo wa siku 30 ulitozwa ada ya asilimia 9. Mchuuzi wa nyanya wa soko la Kalerwe akichukua shilingi 100,000 kwa ada hiyo, anarudisha 109,000. Hiyo 9,000 haimtishi mtu; siku ikiwa nzuri, inarudi kabla ya adhuhuri. Lakini akilipa leo, kesho mtaji umekwisha, anakopa tena. Akienda hivyo miezi 12, ada peke yake ni 108,000. Amelipa zaidi ya ile laki, na laki yenyewe bado si yake. Simu humwonyesha mwezi mmoja tu. Mwaka mzima lazima aujumlishe mwenyewe, usiku, akiwa amechoka.

Laki hiyohiyo ndiyo kiwango cha chini cha kununulia dhamana za serikali kupitia benki ya biashara. Nimewauliza wachuuzi kadhaa kama wanalijua hilo. Wengi walidhani dhamana ni mambo ya matajiri wa Kololo.

Benki Kuu ya Uganda ilizindua mkakati wa elimu ya fedha mwaka 2013. Miaka sita baadaye, Desemba 2019, kampuni ya Dunamiscoins, iliyoahidi faida kubwa, ilifunga milango na kutoweka na akiba za maelfu ya watu. Wapo wanaosema waliponzwa na tamaa. Sikubaliani nao. Somo la darasani husahaulika. Mtu huhitaji wa kumuuliza siku ileile anayoombwa pesa, na siku hiyo aliye karibu naye ni wakala wa kampuni.

Aliye karibu zaidi, na asiye na kamisheni, ni kikundi cha kuweka na kukopa, ekibiina kwa Kiganda. Vingi hutumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zikiwa mikononi mwa watu watatu tofauti. Pesa huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote, anayeomba mkopo anaulizwa ni wa nini, na majirani wanaojua ada za watoto wake na deni lake la duka humjibu papo hapo. Huo ni ushauri wa fedha hasa, kuliko semina yoyote niliyowahi kukaa. Una kasoro zake: mweka hazina anaweza kukimbia, pesa hulala sandukuni bila kuzaa, na kikundi hakiwezi kushauri juu ya kitu ambacho hakuna mwanachama aliyewahi kukiona.

Pengo hilo ndilo serikali inapaswa kuliziba. Kupitia mpango wa maendeleo ya miluka, yaani maeneo madogo ya utawala, uliozinduliwa mwaka 2022, imekuwa ikipeleka hadi shilingi milioni 100 kwa mwaka katika muluka mmoja. Inayoweza kufikisha pesa hizo haiwezi kushindwa kumfikisha mtu mmoja anayelipwa mshahara, asiyeuza chochote, akae na vikundi kwa zamu na kuwasomea mikataba kwa lugha yao. Na Benki Kuu iwalazimishe wakopeshaji walio chini yake kuandika kwenye ujumbe wa mkopo, kwa shilingi, gharama ya kukopa tena na tena kwa mwaka mzima. Ni mstari mmoja tu wa maandishi. Mchuuzi wa Kalerwe anastahili kuusoma kabla hajabonyeza "kubali".