Theluji ya Ulaya ina habari yake kila asubuhi. Na mvua yetu?



Mwezi wa pili, mvua ikiwa bado kali, nilifika Ruashi, hapa Lubumbashi, kwa jamaa moja iliyokimbia vita upande wa Beni. Wanaishi watu tisa katika vyumba viwili, na pembe moja ya paa imefunikwa na shitingi. Redio ya nje ilikuwa inaongea Kifaransa juu ya likizo za ski katika milima ya Alpes, na kijana wa sekondari alikuwa anamutafsiria mama yake. Mama akanigeukia: "Papa wa redio, kumbe wale wanajua teluji itaanguka siku gani? Na mvua ya kwetu, nani anaijuaka?"

Sikuwa na jibu. Na kazi yangu ni kutoa habari.

Kwa wasiojua: ski ni mchezo wa kujifunga mbao mbili ndefu miguuni na kuteleza juu ya theluji. Katika vijiji vya michezo hiyo, kila asubuhi wanatangaza urefu wa theluji chini ya mlima na juu kileleni, njia zilizofunguliwa na zilizofungwa, na hatari ya theluji kuporomoka. Hatari hiyo wanaisema kwa namba, 1 hadi 5. Namba 1 ni hatari ndogo, namba 5 baki nyumbani. Hata mtoto anaelewa.

Na mambo ya kule yanabadilika. Vijiji vya chini vinangojea theluji ambayo inachelewa au inakuja kama mvua. Wenye pesa wanatengeneza theluji kwa mashini. Kwenye michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2022, karibu theluji yote ya mashindano ilitengenezwa na watu.

Tusifikiri theluji ni kitu cha Wazungu peke yao. Inchi yetu inayo. Ruwenzori iko kwenye mpaka na Uganda, na kilele chake Margherita kina metre 5109, hakuna kirefu zaidi katika Kongo yote. Mama yule anatoka upande wa Mutwanga, chini ya mlima huo. Mawingu yakifunguka asubuhi, weupe unaonekana kule juu. Wazee wa Wakonzo walisema ndipo anapokaa Kithasamba.

Weupe huo unaisha. Mwaka 1906, Luigi Amedeo, mtawala wa Abruzzi kutoka Italia, alipanda mpaka kileleni na msafara wake ukachora ramani ya barafu. Wataalamu wanahesabu kwamba wakati ule barafu ya Ruwenzori ilipita kilometre za mraba 6. Karne moja baadaye ilibaki chini ya kilometre 1. Mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu ya Ruwenzori, Kilimanjaro na mlima Kenya inaweza kuisha kabisa kufikia mwaka 2050. Sababu kubwa ni joto la dunia, na sisi wa Kongo tumechangia kidogo sana katika moshi unaolileta.

Hapa niseme ukweli, maana wengine wanatangaza kwamba barafu ikiisha mito yote itakauka. Upande wa Uganda walipima mto Mubuku, wakakuta maji ya barafu hayafiki hata asilimia 2 ya maji yake chini ya mlima. Mito ile inakunywa mvua. Barafu ni shahidi tu: inatuambia hewa imebadilika. Kinachotuua na kutulisha ni mvua.

Kumbukeni Kalehe, Kivu ya Kusini, mwezi wa tano 2023. Mvua ya siku moja ilishusha mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Na hapa kwetu? Mlimaji anaona mvua ya kwanza, anapanda mahindi kwa mbegu alizokopa, kisha jua linarudi majuma mawili na mbegu zinakufa ndani ya udongo. Hakuna bukari mwaka huo. Zamani wazee waliangalia majani mekundu ya miombo, wakahesabu siku mpaka masuku yaive. Leo wao wenyewe wanasema alama zile zinawadanganya.

Anayekosa habari ya theluji anapoteza siku moja ya mchezo. Anayekosa habari ya mvua anapoteza shamba, nyumba, hata mtoto. Na sisi hatuna mashini ya kutengeneza mvua. Tunachoweza kupata ni habari kabla haijafika.

Najua watakaosema vyombo vya kupimia ni vichache na umeme unakatika. Ni kweli. Lakini satelite zinaona mawingu ya Katanga kama zinavyoona ya Alpes, na serikali ina METTELSAT, shirika lake la meteo. Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 2022 kwamba kila mtu duniani awe analindwa na maonyo ya mapema kufikia 2027. Onyo linalobaki ndani ya ofisi halimlindi mtu wa Ruashi.

Wengine watasema meteo inadanganya. Hata katika Alpes inakosea. Dawa yake ni kurudi kesho yake kwenye mikro na kusema: jana tulikosea. Msikilizaji anasamehe anayekiri.

Basi ombi langu ni dogo, na linaanza na sisi wenyewe wa redio. Kila jioni katika masika, kabla ya habari, tutoe dakika mbili za mvua kwa Kiswahili, na kwa Kibemba na Tshiluba pale inapowezekana. Watu wa meteo watupatie namba moja, 1 hadi 5, kama wale wa ski. Namba 1, anika mahindi. Namba 3, funga shitingi na toa vitu chini. Namba 5, watoto wasilale karibu na mto. Mashefu wa avenue, makanisa na misikiti waipeleke kwa wasio na redio, kwanza kwa jamaa zilizohama, maana hawajajua bado maji ya mji huu yanapita wapi.

Mama wa Ruashi aliuliza swali moja. Masika mapya yakianza, nataka kurudi kwake na namba ya jioni ile.