CHAMBO CHA MANYOYA TUKIFUNGE WENYEWE

Ndugu wanaushirika, na nyote mnaosoma ubao huu,

Katika kikao kijacho italetwa hoja ya kutoa fedha za ushirika kununua chambo cha manyoya kilichofungwa tayari, kutoka mjini. Mimi naipinga hoja hiyo, na nasema mapema ili kila mtu aje amekwisha kufikiri.

Chambo hicho ni kitu gani hasa? Ni ndoana, uzi na unyoya. Basi. Mgebuka chakula chake ni dagaa. Akiona kitu cheupe, chembamba, kinapanda na kushuka majini, anadhani ni dagaa, anakivamia. Haulizi kama kimefungwa kiwandani au barazani kwetu. Anayenunua cha dukani analipia ndoana na unyoya, halafu analipia mkono wa mtu mwingine, na wa kwake anao! Jogoo nao si wamejaa hapa kijijini, hata usingizi wanatunyima?

Hasara iliyo kubwa zaidi ni woga. Mwenye vichache vya kununua haendi kwenye mawe kumtafuta kuhe, maana ndoana zikinasa ndiyo basi tena. Anazungukazunguka pale pale, anarudi na mtumbwi mtupu, na jioni ni rahisi kumshawishi akavute kokoro, ambalo linakomba mpaka samaki wachanga. Lakini anayejua kufunga, zikikatika kumi leo, usiku anakaa na taa yake anafunga kumi nyingine.

Ziwa letu la Tanganyika lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, miezi ile mitatu ingetosha kujaza makopo.

Kazi yenyewe ni hivi. Chukua manyoya ya shingo ya jogoo mweupe. Ya bawa yanakakamaa, majini hayachezi. Bana ndoana kwa koleo. Zungusha uzi kuanzia karibu na tundu, laza manyoya mawili au matatu, kaza, piga fundo. Ncha zipite kidogo tu pale ndoana inapopinda. Ukiziacha ndefu, samaki atang'ata mkia aende zake. Uzi mwekundu shingoni ni mzuri, unafanana na mashavu ya samaki. Juu ya fundo paka rangi ya kucha, uzi usifunguke. Akina mama, tunaomba kichupa kimoja.

Jambo moja silitaki mzaha. Wapo wanaoyeyusha risasi ya betri kuukuu jikoni, tena katika sufuria ya ugali, wapate chubwi. Risasi ni sumu. Moshi na vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto, na akishadhurika harudi kama alivyokuwa. Chubwi tununue, au tufunge nati kuukuu za chuma. Huko ndiko fedha za ushirika ziende: ndoana tupu, uzi, nailoni na chubwi.

Wenzetu wa kisomo cha jioni wamekubali tutumie darasa lao Jumatano, baada ya somo. Kila mtu aje na ndoana tano na manyoya yake. Mwenye koleo asiliache nyumbani.

Katibu