Kinyozi Hajinyoi: Programu ya Majina na Tarehe Ijaribiwe Kwanza

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kinyozi hajinyoi. Hata awe stadi wa wembe namna gani, kisogo chake mwenyewe hakioni. Methali hii imekuwa ikinijia kila ninapowasikia wenzetu wa chama cha tarakilishi wakisema ati programu yao i tayari, na kwamba itatumiwa na shule nzima pindi muhula wa tatu utakapofunguliwa. Je, mimi ni adui wa chama hicho? La hasha! Wamefanya kazi ya kupigiwa mfano. Lakini maoni yangu ni haya: programu hiyo isitolewe kwa watu wote kabla ya kujaribiwa muhula mzima na watu wachache ambao hawakuitengeneza.

Kwa wale ambao hawajaiona, wacha nieleze. Programu hiyo ina kazi mbili. Inahifadhi majina na nambari za simu za wazazi na walimu. Pia inahifadhi kalenda ya shule: siku ya kufungua, siku za mitihani, mikutano ya wazazi na kadhalika. Kisha inalandanisha, yaani inahakikisha kwamba yaliyomo katika tarakilishi ya ofisi ndiyo yaliyomo katika simu ya mwalimu na ya mzazi. Karani akibadilisha tarehe ofisini, tarehe hiyo inabadilika kila mahali bila ya mtu kuandikiwa barua.

Hili ni jambo la maana sana, hasa kwetu sisi wa shule ya kutwa. Mwanafunzi wa bweni husikia kengele na tangazo papo hapo. Sisi habari hutufuata nyumbani. Tarehe ikikosewa, mtu anaamka alfajiri, anatembea kwenye umande, anafika na kukuta lango limefungwa. Nambari ya mzazi ikipotea, mtoto akiugua darasani mwalimu atampigia nani? Kwa hivyo programu hii si mchezo wa maabara. Inagusa watu.

Hatari yenyewe iko papo hapo penye uzuri. Daftari likiraruka, ukurasa mmoja tu ndio umepotea. Programu ya kulandanisha ikifuta jina, inalifuta kotekote, kwa maana hiyo ndiyo kazi iliyotumwa. Watu wengi hudhani kwamba kulandanisha ni sawa na kuweka akiba. Si kweli kabisa. Akiba hukaa kando, haiguswi. Kulandanisha hubeba kila kitu, zuri na baya, kutoka simu hii hadi ile.

Ni kasoro gani basi zinazoweza kujificha humo? Nitataja tatu tu.

Kwanza ni nambari zenyewe. Mmoja huandika nambari kwa kuanza na 07, mwingine huanza na +2547. Mtu ni yule yule, lakini programu isiyofunzwa itadhani ni watu wawili. Kinyume chake pia kipo. Katika nyumba nyingi simu ni moja, anaitumia mama, anaitumia shangazi, na ndiyo iliyoandikishwa kwa watoto watatu wa vidato mbalimbali. Programu ikiona nambari moja mara tatu, yaweza kuamua kwamba ni mtu mmoja na kuwaunganisha. Na hapo sijataja kwamba walimu huandika "Mama Wanjiru" na "Baba Brayo". Shule hii ina akina Mama Wanjiru wangapi?

Pili ni saa. Sisi tunasema mkutano ni saa tatu asubuhi, nayo simu inajua kuwa ni 9:00. Mtu akiandika 3:00, simu itamwamsha usiku wa manane, saa tisa, ama imwite alasiri wakati wenzake wameshakwenda zao. Isitoshe, programu nyingi huhifadhi wakati kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa za Kenya kwa saa tatu. Siku inayoanza saa sita usiku hapa kwetu, kule huhesabiwa kuwa bado ni saa tatu usiku wa siku iliyotangulia. Mtengenezaji asipokuwa mwangalifu, siku ya kufungua shule itarudi nyuma siku moja, na hakuna atakayejua ni kwa nini.

Tatu ni mgongano. Karani amebadilisha nambari ya mzazi ofisini. Mwalimu naye, akiwa mahali pasipo na mtandao, amebadilisha nambari hiyo hiyo katika simu yake. Zikikutana, nani ashinde? Kanuni inayotumika sana ni kwamba aliyeandika mwisho ndiye mshindi. Lakini je, kama simu ilizimika betri ikaisha, na ilipowashwa saa yake ikawa imepotoka? Simu hiyo itashinda isivyostahili.

Kasoro za namna hii hazionekani ndani ya maabara. Mle tarakilishi zote ni za aina moja, mtandao ni mmoja, na wanaojaribu ndio walewale waliotengeneza. Zitaonekana katika simu ya mama, yenye kioo kilichopasuka, yenye bando ya shilingi ishirini inayokwisha katikati ya kazi.

Najua wako watakaosema, "Hata kampuni kubwa hutoa vitu vyao kisha huvirekebisha polepole." Sawa, tuiangalie kampuni moja kubwa. Mnamo Julai 2008, kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa huduma iliyoitwa MobileMe. Bei yake ilikuwa dola 99 kwa mwaka. Iliahidi kulandanisha barua, majina na kalenda kati ya simu na tarakilishi. Waliitoa siku zilezile walizokuwa wakitoa simu mpya ya iPhone 3G. Mambo yakaharibika. Watu walishindwa kuingia, na takriban mtu mmoja katika kila mia akakosa barua zake kwa siku kadhaa. Ilibidi kampuni iwape wateja muda wa ziada bila malipo. Mwezi wa Agosti mkuu wa kampuni mwenyewe, Steve Jobs, aliwaandikia wafanyakazi wake kwamba huduma hiyo ilihitaji muda zaidi na majaribio zaidi, na kwamba ingefaa itolewe kidogo kidogo badala ya yote kwa mpigo. Ilifungwa Juni 2012, nafasi yake ikiwa imechukuliwa na iCloud.

La kushangaza ni kwamba kampuni hiyo hiyo iliwahi kufanya vyema zaidi hapo awali. Programu yao ya iSync, iliyolandanisha majina na kalenda, ilitolewa kwanza kama toleo la majaribio mwaka wa 2002, na toleo kamili likafuata Januari 2003. Tena programu hiyo iliweza kumwonya mtumiaji kabla ya kubadilisha sehemu kubwa ya orodha yake. Ikiwa wenye mali na wataalamu chungu nzima walihitaji majaribio, sisi wenye maabara moja tunakimbilia wapi?

Basi napendekeza yafuatayo. Wachaguliwe wajaribu kumi na wawili, na wasiwe wanachama wa chama cha tarakilishi. Awemo karani, walimu wawili watatu, na wazazi wenye simu za kila aina, za zamani na za kisasa. Kwa kuwa wanafunzi hatuji na simu shuleni, sisi wa kutwa tunaweza kuwasaidia wazazi wetu jioni nyumbani. Hapo ndipo shule ya kutwa inapoishinda ya bweni!

Wiki za mwanzo yatumiwe majina ya kubuni. Hili si hiari tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ya nchi yetu inataka idhini ya mzazi kabla ya habari za mtoto kutumiwa. Orodha ya simu imejaa watu ambao hawajaulizwa lolote. Baadaye, kabla ya kuweka majina ya kweli, kila mjaribu atoe nakala ya orodha yake. Simu nyingi huweza kuitoa kama faili ya vCard. Nakala hiyo iwekwe mbali na programu.

Aidha, wajaribu wafunzwe namna ya kutoa ripoti. Kusema "hii kitu imekataa" hakumsaidii mtengenezaji hata chembe. Mjaribu aseme: simu yangu ni ya aina fulani, nilibonyeza hapa, nilitarajia hili, nikaona lile. Ripoti zote ziandikwe katika daftari moja, na hakuna kasoro itakayofutwa humo mpaka mjaribu mwenyewe akubali kwamba imekwisha.

Mwisho, na hili ndilo kubwa kuliko yote, wajaribu wapewe uwezo wa kusema "bado" na wasikilizwe. Hapa shuleni, jamani, tuna tabia mbaya. Anayetaja kasoro huitwa mwenye wivu ama mpinga maendeleo. Akinyamaza anasifiwa kuwa mwenzetu. Kwa desturi hiyo hata wajaribu mia moja watakuwa bure, kwa kuwa wataona ufa na kuogopa kuutaja. Anayekwambia shati lako limechanika mgongoni kabla hujatoka nyumbani ndiye anayekupenda. Wengine watakuacha uende nalo hadi sokoni.

Nawaomba basi mlezi na wanachama wa chama cha tarakilishi wasione uchungu. Muhula mmoja wa kungoja hautawapunguzia sifa. Shule itawapongeza zaidi kwa programu iliyochelewa na ikafanya kazi kuliko ile iliyowahi na ikatupotezea nambari za wazazi wetu. Nami, nikihitajika, jina langu na liandikwe la kwanza katika orodha ya wajaribu. Mama amekwisha kubali kutoa simu yake.