Mgeni Apite Mayungiyungi, Asimame kwenye Mkarafuu

Watalii wengi wakiingia bustani ya mimea ya Pamplemousses, kaskazini mwa Port Louis nchini Morisi, huelekea moja kwa moja bwawani. Humo mna mayungiyungi ya Amazon, majani yake mapana kama sinia za pilau, kingo zimesimama. Ua lake hufunguka jeupe usiku wa kwanza, usiku wa pili likageuka la waridi, likanyauka. Picha hupigwa, kobe wakubwa wa Aldabra hutazamwa, basi la hoteli hilo limerudi ufukweni.

Ni haki yao. Likizo ni likizo. Hata hivyo mgeni anayetoka Mombasa, Dar es Salaam au Unguja ana sababu yake mwenyewe ya kulipa kisogo bwawa na kuutafuta mkarafuu.

Katika karne ya 18 Waholanzi walihodhi karafuu na kungumanga za visiwa vya Maluku, na mikarafuu iliyoota nje ya eneo walilolilinda waliikata. Pierre Poivre, Mfaransa aliyefika Morisi mwaka 1767 kusimamia shughuli za serikali ya kikoloni, akatuma meli kwenda kutorosha miche na mbegu. Wizi, kwa lugha nyepesi. Shehena ya kwanza iliingia 1770, na Pamplemousses ikawa kitalu chake. Mikarafuu ikaenea hadi Reunion, na mapema karne ya 19 ikavuka bahari hadi Unguja.

Meli za Wafaransa hazikubeba miche peke yake. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa, auziwe watumwa wasiopungua 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Morisi na Reunion. Miongo kadhaa baadaye, enzi za Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, watu wa bara walipitishwa tena Kilwa, safari hii wakachume karafuu Unguja na Pemba. Wajukuu wa mkasa huo wapo pande zote mbili za bahari, na bustani ni mahali pazuri pa kuusimulia kuliko darasani: mti upo, unaguswa, unanukia.

Zanzibar nayo ina ziara zake za mashamba ya viungo. Mgeni ananusishwa mdalasini, anapakwa mzingefuri mdomoni, anavishwa kofia ya makuti, na kijana anapanda mnazi huku akiimba. Burudani safi, tena inawapa vijana riziki. Anayeibeza hajawahi kutafuta kazi Unguja. Lakini saa mbili zinaweza kuisha bila yeyote kutaja Maluku, Morisi wala Kilwa, kana kwamba karafuu iliota yenyewe kwa kuwapendeza wageni. Mamlaka za utalii zingewapa watembezaji mafunzo mafupi ya historia hiyo, na dakika kumi tu za kuisimulia zingetosha.

Mwenye nafasi na avuke Pemba. Kimbunga cha 1872 kiliangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoshika uongozi wa zao hilo. Msimu wa kuchuma, karafuu huanikwa juani kwenye majamvi, na huko hakuna anayehitaji kuvishwa kofia ya makuti ili aone kazi yenyewe.