Ugonjwa wa Mfalme na Kalamu ya Mtawa

Muhula huu nilipewa kazi ya kupanga ukurasa wa wanafunzi wa zamani waliofariki. Wakati huohuo darasani tulikuwa tukisoma habari za kale za Ulaya, nami nikaona jambo ambalo ningependa wasomaji walifikiri.

Karne nyingi huko Ulaya, walioandika habari za wafalme walikuwa hasa watawa. Walikaa katika monasteri zao wakiandika mwaka kwa mwaka: vita, njaa, nyota yenye mkia, kifo cha mfalme. Bila wao tusingejua hata nusu ya mambo yale, nami nawaheshimu. Lakini tazameni walivyoandika ugonjwa.

Mfalme John wa Uingereza alifariki huko Newark mwezi wa Oktoba 1216 kwa ugonjwa wa kuhara. Roger wa Wendover, mtawa wa St Albans, aliandika kwamba mfalme alishikwa na homa kwa huzuni ya kupoteza mali yake majini, kisha akajizidishia ugonjwa kwa ulafi, akila pichi na kunywa pombe mpya ya matofaa. Yeyote aliyepata kuhara safarini atamwonea huruma mtu ambaye pichi zake zakumbukwa miaka 800. Lakini John alikuwa amegombana na Papa hata makanisa ya Uingereza yakafungwa tangu 1208 mpaka 1214, na monasteri alizitoza fedha nyingi.

Mwezi wa Agosti 1270, Louis wa Tisa wa Ufaransa alifariki karibu na Tunis. Yeye naye aliharisha, kisha akapata homa. Habari zake ziliandikwa na Guillaume wa Nangis, mtawa wa Saint-Denis, monasteri walimozikwa wafalme wa Ufaransa. Hapa hapana ulafi. Pana sala na subira. Mwaka 1297 Louis alitangazwa Mtakatifu. Sisemi kwamba hakustahili. Nasema tumbo ni lilelile.

Tena yuko Alfred, mfalme wa Wessex. Asser, mtawa kutoka Wales, aliandika mwaka 893 kwamba Alfred alipokuwa kijana alimwomba Mungu ampe ugonjwa wa kumzuia na tamaa za mwili, akapata bawasiri. Ugonjwa ukawa zawadi! Asser huyohuyo atwambia kwamba Alfred alimpa monasteri mbili, joho la hariri, na ubani mzito kama mtu mnene.

Walijifunza wapi kuandika hivi? Nadhani katika Biblia. Mambo ya Nyakati yaeleza jinsi Yehoramu alivyopigwa matumboni kwa dhambi zake, na Uzia akapata ukoma hekaluni. Lakini mna Ayubu pia, aliyejaa majipu bila kosa. Mtawa alikuwa na mifano miwili, akachagua. Nachelea kwamba mara nyingi alipochagua alikumbuka ni nani aliyewapa shamba.

Rafiki yangu mmoja abisha kwamba John alikuwa mbaya kweli. Ndiyo. Roger mwenyewe aandika kwamba mwaka 1212 huko Nottingham alinyonga vijana 28 wa Wales waliowekwa kwake rehani. Hilo latosha kumhukumu mtu. Tumbo lake si shahidi.

Sasa narudi kwenye ukurasa wangu. Katika toleo moja la zamani nilikuta marehemu wawili. Wa kwanza, aliyesaidia kujenga bweni, ameandikwa kwamba aliugua ini muda mrefu akavumilia kama Ayubu. Wa pili, ambaye hakurudi kututembelea hata mara moja, ameandikwa kwamba maisha yake ndiyo yaliyomwua. Huyo wa pili alikuwa baba yangu mdogo. Naye alikufa kwa ini, na pombe hakuionja maisha yake yote. Bibi yangu alisomewa maneno yale, akaomba gazeti liondolewe nyumbani.

Safari hii nimeandika majina, miaka waliyosoma hapa, kazi walizofanya na siku walizofariki. Mhariri asema ukurasa umekuwa mkavu. Nimemwomba auache hivyo.