Notere anatoka shule gani?

Familia iliyokimbia vita ikirudi kijijini na kukuta mtu mwingine amejenga ndani ya parsele yake, swali la kwanza mbele ya chifu ni moja: karatasi iko wapi? Wengi wanajibu kwamba iliungua pamoja na nyumba. Wengine wanatoa ukurasa wa daftari wenye majina ya mashahidi wawili, na mmoja wao alishafariki.

Ukurasa ule una maana, lakini haulingani na hati iliyopita kwa notere. Yeye anahakikisha wanaopatana ni nani, anawasomea mkataba, wanatia sahihi mbele yake, anapiga muhuri, na hati inaingia katika vitabu vya ofisi. Kwa ardhi safari haiishii hapo: sheria ya mwaka 1973 inadai cheti cha usajili, ambacho hutolewa na ofisi ya hati za ardhi.

Sasa, nani anaweza kuwa notere? Kwa miaka mingi, chini ya sheria ya tarehe 9 Juni 1966, kazi hiyo ilikuwa ya watumishi wa Leta. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilifungulia mlango hata wasio watumishi wa Leta. Lakini ngazi ya kufikia mlango huo ni ndefu: miaka sita ya sekondari, mtihani wa Leta, kisha fakulte ya sheria, ambayo kwa mtindo wa zamani ni miaka mitano, mitatu ya gradua na miwili ya lisansi. Na shule ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya msingi tu. Inaishia pale pale ngazi inapoanza.

Mtoto aliyekosa masomo kambini Bulengo au Kanyaruchinya, kisha akahamishwa tena kambi zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, atapanda ngazi hiyo kwa nguvu gani?

Kuna wanaosema masharti yapunguzwe, kila anayejua kuandika vizuri apewe muhuri. Hapana. Mihuri ya barabarani imeshatosha, na mkataba ulioandikwa vibaya unazaa kesi ya miaka kumi. Diploma ya sheria ibaki. Kinachofaa ni Leta kuwalipia masomo vijana wa Masisi, Rutshuru, Kalehe na kwingine, wavulana kwa wasichana, kwa ahadi ya kurudi kufanya kazi huko.

Tena kuna jambo la lugha, na hapo fakulte zenyewe zina deni. Sheria inafundishwa kwa Kifaransa. Mama mjane anayekuja kuuza kipande cha shamba anaongea Kiswahili, Kihunde au Mashi. Notere akimsomea Kifaransa tupu, mama anatia kidole chini ya maneno asiyoyajua, na muhuri unageuka kuwa mtego. Kueleza mkataba kwa Kiswahili safi kungekuwa somo lenye mtihani wake, sawa na masomo mengine ya sheria.

Wakati hayo yanangojewa, familia zilizohama ziandike leo majina ya majirani wa pande zote nne za parsele, zipige picha karatasi yoyote iliyobaki, na kumtumia ndugu anayeishi mbali.